Maximilla Aonja Siga ya Dominika

Mimi nikisema nimeona, nimeona. Wale wanaopita wakisimulia habari ya Maximilla na ile siga huku wakiongeza chumvi, ati alitapika, ati alikimbizwa na askari, wakome. Hawakuwa pale. Meza yangu ya omena, hawa dagaa wa ziwani, imegusana na meza yake ya tumbaku miaka kumi na tisa, katika soko la Busia upande wa Uganda, na kila asubuhi mimi Syprose navuka kutoka kwetu Kenya nikiwa na beseni kichwani na kisirani changu rohoni. Akikohoa nasikia. Sasa nani atanieleza mimi habari za Maximilla?

Maximilla ni mzaliwa wa Dabani, mwanamke mfupi, mweusi ti, mwenye sauti ya kuitia ng'ombe. Aliolewa Mwello kwa Wapadhola, na mama mkwe wake ndiye aliyemtia mkononi kazi ya tumbaku: kupanda, kuvuna, kukausha, kusokota. Ndiye pia aliyemfunza kuvuta moto ukiwa ndani. Kama hujawahi kuona, nitakueleza. Mama wa huku akishasokota tumbaku yake anaiwasha, halafu ule upande unaowaka ndio anaoutia mdomoni. Anafunga midomo, upande wa baridi unabaki nje, na jivu linakaa juu ya ulimi mpaka aliteme. Haungui hata kidogo. Wazee wetu walivuta hivyo wakipalilia na mtoto mgongoni, jivu lisimwangukie mtoto, upepo usizime moto, na mkwe akipita njiani asione kitu kinawaka kwenye mdomo wa mwanamke. Mimi nilijaribu mara moja tu, nikaunguza ulimi siku nne sigusi pilipili, na Maximilla alinicheka mpaka akakaa chini.

Mumewe alipofariki alirudi upande wa kwao na ujuzi huo, akafungua meza. Watu wa Mwello na Merikit wanamletea majani Jumanne na Ijumaa. Yeye hupima kwa maneno matatu, hana la nne. Kuna jani la mdomo, hilo ni la kuvuta. Kuna jani la pua, hilo linasagwa ugoro. Na kuna la kutupa. Akishasema amesema, mkulima anachukua kilicho chake anaondoka. Siku moja mzee wa Mwello alijaribu kubishana, akaapa kwamba majani yake yamekauka kwenye kivuli. Maximilla akanusa tena kidogo tu, akamwambia, "Mzee, hii umetundika jikoni, na mke wako alikaanga samaki." Yule mzee akashika mdomo. Aliondoka akituuliza sisi ni nani amemchongea.

Kwa hiyo alijiamini, na alikuwa na haki. Alipenda kusema kwamba yeye hajawahi kurudia neno. Mimi nilikuwa nikimwambia, "Mama, hata kanisani padri hurudia," na yeye ananiambia padri hauzi tumbaku.

Basi Jumanne moja, soko limejaa, wakaja wanaume wawili. Mmoja tulimjua, Faruk wa Tororo, mtunza stoo wa hoteli, baba wa watoto wawili, mtu wa miaka kama thelathini na nne hivi. Omena ya hoteli alinunua kwangu. Hesabu yake ilikuwa safi, salamu zake zilikuwa safi, hata viatu. Wa pili alikuwa bosi wake, Bwana Odeke, mwenye hoteli yenyewe, mtu mkubwa wa mwili na wa sauti, anayetembea sokoni akiinua suruali isiguse matope.

"Mama Maximilla, nimekuletea kazi," Faruk akasema, na alikuwa anacheka. "Mimi naambia bosi, hapa mpaka wote, mtu anajua tumbaku ni moja tu. Angalia hii kitu, ambia yeye ukweli."

Odeke akatoa mfukoni kibomba cha kioo, na ndani ya kibomba sigara nene ambayo sikuwahi kuona maishani. Wenyewe wanaiita siga. Imetoka Jamhuri ya Dominika, kisiwa huko ng'ambo, na Odeke alituhubiria habari zake kama anayesoma matangazo ya ndoa. Ati ni toleo la mara moja, halitatengenezwa tena. Ati dunia nzima kuna sanduku elfu mbili, na lake ni la mia sita na kumi na moja, limeandikwa kwa mkono. Jumamosi alikuwa anafungua jengo jipya la hoteli, wanakuja matajiri wa malori, na siga hizo kumi ndizo za kuwatolea. Yeye mwenyewe havuti. Anapenda tu kuonekana anazo.

Shida ni kwamba alirudi kutoka safari akakuta karatasi ya muhuri kwenye sanduku imechanwa.

"Nilichana mimi," Faruk akasema. "Kulikuwa na kipakiti ya unyevu ilikuja pembeni, imeandikwa iwekwe ndani haraka, siga isikauke. Wewe ulikuwa Kampala, bosi. Simu yako haikushika."

"Hiyo ndiyo anasema," Odeke akatuambia sisi watu wa soko, kama sisi ndio mahakama. "Watu wananiambia, Odeke, hao watu wa stoo wanatoa ya kweli wanaweka ya uongo. Sasa Mama aonje. Kama ni ya kweli, yameisha. Kama ni ya uongo, huyu arudishe zangu mpaka Ijumaa jioni. Asiporudisha ataeleza polisi, na kazi hana."

Faruk hakuogopa. Hilo nataka mlijue. Alisimama pale amekunja mikono, kama mtu anayesubiri chenji yake.

Maximilla alifuta vidole kwa leso, akaipokea siga. Ilikuwa nene kuliko kidole gumba changu, rangi ya kahawa, ngozi yake laini, na tumboni ina mkanda wa karatasi ya dhahabu. Akaiweka sikioni akaibana. Akaipitisha puani taratibu, huku na huku.

"Inanuka kabati," akasema.

Watu wakaangua kicheko.

"Nauliza, tumbaku gani nanuka kabati? Hii ilikuwa imelala na nguo za nani?"

"Sanduku ni ya mbao, Mama," Faruk akasema, naye akicheka. "Endelea tu."

Maximilla akaigeuza kuangalia miisho yake, na hapo uso ukabadilika. Mwisho mmoja ulikuwa wazi, majani unayaona. Mwisho wa pili ulikuwa wa mviringo, umefungwa laini kabisa, huoni kitu. Sasa huku kwetu hilo ni jambo la kujulikana. Wale matapeli wanaopitisha misokoto usiku hujaza katikati majani makavu ya ndizi, kisha wanaziba mwisho kwa uji wa muhogo usione uchafu. Mtu mwaminifu anasokota wazi pande zote mbili. Tumbaku iliyozibwa, hata mtoto wa shule wa Busia atakwambia, ina kitu inaficha.

"Mbona huku imezibwa?" akauliza.

"Nafikiri nakuwanga hivyo, Mama."

"Unafikiri," Maximilla akasema.

Akaiwasha upande ulio wazi, akaizungusha mpaka ikashika vizuri, akaigeuza, moto mdomoni. Odeke aliruka. "Mama, utaungua!" Mama mmoja wa nyanya akamuuliza kwani nyanyake mwenyewe alikuwa akivuta na nini, na soko likacheka tena.

Lakini Maximilla hakucheka. Alivuta. Mashavu yakaingia ndani, na nje hakukutokea hata uzi wa moshi. Akavuta tena kwa nguvu mpaka mishipa ya shingo ikasimama, na macho yakamtoka machozi. Moto ulifia mdomoni mwake. Akaitoa ile siga, akatema kitu cheusi, akasukutua kwa maji yangu, akatema tena.

"Haipumui," akasema, na sauti ile ya kuitia ng'ombe ikafika mpaka kwa wauza mitumba. "Chungu, mbichi, na haipumui. Na aliyeziba alijua anaficha nini. Hii ni ya kutupa."

"Mama," Faruk akasema polepole. "Onja tena."

"Nimeonja."

"Mama, tafadhali. Mimi ndiyo nimeleta yeye kwako."

"Mimi sirudii neno, Faruk. Unajua."

Odeke alinyoosha mkono, akachomoa funguo za stoo kwenye mshipi wa Faruk, mbele ya watu wote. Faruk hakumzuia. Aliendelea kumtazama Maximilla, na kicheko alichokuja nacho sijui kilipotelea wapi. Nitasema ukweli na Mungu anisamehe: mimi pia niliamini. Nilisema kwa sauti kwamba watu wa stoo wote ni wale wale. Jioni wakati navuka kurudi Kenya, vijana wa bodaboda walikuwa tayari wamempa jina. Walimwita Mwizi wa Siga, wakapiga na honi.

Jumatano asubuhi nilimkuta Maximilla amekaa nyuma ya meza na kile kipande cha siga mapajani. Tumbaku hatupi, hata ile anayosema ni ya kutupa.

"Kuja uone ndizi," akaniambia kwa furaha. "Nakuonyesha vile watu nafanya ujinga."

Akaanza kuifumua kwa kucha kutoka upande ulioungua. Alitoa jani la juu, jembamba, halina tundu. Akatoa la pili. Chini yake majani yalikuwa yamelazwa kwa urefu, mazima, yamekunjwa kwa utaratibu moja baada ya jingine, hakuna takataka, hakuna mshipa mnene. Mkono wake ukapunguza mwendo. Akanusa ndani. Akakata kidogo akaweka chini ya mdomo, akakaa. Mteja alikuja kuuliza ugoro hakujibiwa, akaondoka akinung'unika.

"Syprose," akasema mwishowe. "Hakuna ndizi."

"Kuna nini?"

Akachukua kile kichwa kilichobaki, upande uliozibwa, akakipuliza. Hewa haikupita. Akachukua wembe wake wa kazi, akakata ile ncha ya mviringo kidogo tu, ikaanguka juu ya meza kama kofia ndogo ya jani. Akapuliza tena, na hewa ikapita mpaka nikaisikia mimi.

"Inakatwa," akasema. "Wanaziba ili isifumuke, halafu mwenye kuvuta anakata. Jani ni safi, Syprose. Ni jani sijapata kuona."

Wololo! Damu ilinipanda. Nilimwambia maneno ambayo mtu hamwambii mama wa umri ule. Nilimwambia, "Mama, umemzika mtu mzima akiwa hai! Mtu amekuja kwako kwa miguu yake, ametabasamu, amekwambia onja tena, wewe ukaona neno lako ni kubwa kuliko maisha yake!" Nililia nikisema, si kwa huruma peke yake, pia kwa aibu yangu, maana mdomo wangu nao ulikuwa umesaidia.

"Punguza sauti," akasema.

"Sipunguzi!"

"Syprose. Unajua nikisema nilikosea, nini itatokea? Kila mtu nilimwambia jani yake ni ya kutupa atarudi. Wote. Wa Mwello, wa Merikit. Nitawaambia nini? Hii meza haina mzani wa maana, haina karatasi ya serikali. Hii meza ni mdomo wangu."

"Na Faruk ana nini?" nikamuuliza.

Hakuongea na mimi siku nzima. Aliuza, alipima ugoro, alifunga meza, akaenda. Mimi nilivuka kurudi nyumbani nikiwa nimemchukia, nasema wazi. Miaka kumi na tisa, nami nilimchukia.

Alhamisi alikuja sokoni amevaa gomesi yake ya kanisa, ile ya bluu, mshipi umekazwa.

"Funika omena yako," akaniambia. "Tunakwenda Tororo."

Hoteli ya Odeke iko karibu na barabara kubwa, na jengo jipya lilikuwa bado linanuka rangi. Alikuwa kwenye veranda akiamrisha watu watundike maua. Sanduku la siga liko mezani mbele yake, amelifungia kamba kabisa, na pembeni ameketi kijana wa kulilinda. Maximilla hakukaa alipokaribishwa.

"Mzee Odeke, Jumanne nilikosea. Siga yako ni ya kweli. Mrudishie Faruk funguo."

Odeke alimtazama, kisha akanitazama mimi, kama natakiwa kutafsiri.

"Mama, umesema ya kutupa. Soko nzima ilisikia."

"Nilisema. Nilikosea."

"Faruk alikuja kwako? Ama mke yake, ile Shakirah? Alikuja kulia?"

Hapo nikafikiri Maximilla atampiga. Alisogea mpaka kifua chake kikagusa meza. "Hakuna mtu amekuja kwangu. Wangekuja ningekuwa na mtu wa kusukumia lawama. Nimekuja mimi, na nauli yangu. Sijui siga. Najua jani. Hiyo siga ina kofia, inakatwa kwanza, mimi sikukata. Hiyo ndiyo makosa, na ni yangu."

Odeke alikuna shingo. Nafikiri aliamini, lakini alikuwa ameshamvua mtu funguo hadharani, na mtu kama yule haoni njia ya kurudi nyuma mpaka amuone mwingine ametangulia. Akasema, "Kale, sawa. Ulisema kwa soko, mimi nikafanya kwa soko. Kama umekosea, sema kwa soko. Kesho, mbele ya watu yako ya tumbaku. Hapa kwa veranda mimi sisikii kitu."

Alikuwa na hakika Maximilla hatakubali. Nilimwona. Hata mimi nilijua Ijumaa wakulima wote watakuwepo.

"Saa nne," Maximilla akasema. "Kuja na sanduku. Na Faruk awepo."

Usiku huo sijui kama alilala. Mimi sikulala.

Ijumaa saa nne soko lilijaa kuliko siku ya mkutano wa siasa, maana maneno yalikuwa yametangulia. Wakulima walikaa na mafungu yao ya majani magotini. Odeke alikuja na sanduku kwapani. Faruk alisimama pembeni peke yake, shati halijapigwa pasi, na watu walikuwa wamemwachia nafasi pande zote kama mtu mwenye ugonjwa. Roho iliniuma sana kumwona hivyo.

Maximilla akapanda juu ya kreti yangu ya soda. Hakusafisha koo, hakuomba ruhusa ya mtu.

"Jumanne nilisimama hapa nikasema siga ya huyu mzee ni ya kutupa, na nikasema aliyeziba alijua anaficha nini. Mlisikia?"

"Tulisikia!"

"Basi sikieni na hii, na muisikie vile vile. Nilikosea. Siga haikukosea. Faruk hakukosea. Faruk aliniambia onja tena, nikakataa kwa kiburi. Mtu akimwita tena mwizi, anaita kwa makosa yangu, aje aniite mimi."

Akamgeukia Odeke.

"Mzee, chagua moja. Yoyote. Usinipe mimi nichague."

Odeke alifungua, akachagua ya katikati. Maximilla akainua siga juu wote waone ile ncha ya mviringo, akatoa wembe, akakata kofia, akapuliza hewa ikapita. Akawasha taratibu, njiti tatu, akizungusha. Kisha akageuza, moto mdomoni, akafunga midomo.

Moshi ukatoka. Wa buluu, mzito, ukipanda kutoka ule upande wa nje aliokata, na harufu yake ikatufikia sisi sote. Omena yangu yote ile, na bado niliisikia. Maximilla alifumba macho. Alivuta muda mrefu mpaka watoto wakachoka wakakaa chini, akatema jivu kwenye kiganja, akaliangalia, jivu jeupe, gumu, halijamomonyoka.

"Sasa nawaambia vile iko," akasema. "Jani hii imelala. Si mwaka mmoja, ni miaka, na kuna mtu alikuwa anaigeuza, anaitunza kama mgonjwa. Ukianza, ni kahawa bila sukari. Ukifika katikati inakuja njugu ya kukaanga, na nyuma ya njugu kuna utamu, kidogo, mbali, unautafuta. Haikwaruzi koo. Moto yake inakula sawa pande zote, haikimbii upande mmoja. Nimeweka jani kwa hii mdomo miaka arobaini, na hii ndiyo ya kwanza."

"Haina makosa?" mtu akauliza.

"Iko nayo. Nene mno, taya nachoka. Na polepole! Mama akianza hii asubuhi atapalilia shamba la jirani na la mkwe kabla haijaisha." Watu wakacheka, na mimi nikapumua kwa mara ya kwanza. "Lakini ni ya mdomo. Na nataka mjue kitu kingine. Jani kama hii ikikauka inakuwa kali, inapasuka ngozi. Hii haijapasuka. Kuna mtu aliweka unyevu haraka, siku zile mwenyewe hayuko. Na kama Faruk alibadilisha, niambieni, alitoa hii jani wapi? Mwello? Merikit? Ni nani kati yenu ana shamba ya kutoa hii?"

Wakulima wakatikisa vichwa. Hakuna.

Odeke alibaki na sanduku lake mikononi. Akatoa funguo mfukoni, akamsogelea Faruk, akanong'ona kitu.

"Sauti!" Maximilla akapaza kutoka juu ya kreti. "Jumanne ulikuwa na sauti!"

Na Odeke, mtu mzima mwenye hoteli ya ghorofa, akainua kichwa. "Faruk, nimekukosea," akasema, na safari hii wauza mitumba walisikia. "Chukua kazi yako."

Faruk alipokea funguo kwa mikono miwili. Akazifunga tena kwenye mshipi wake. Mimi nilipiga vigelegele, kwa nini nisipige? Wengine wakaitikia.

Vigelegele havijaisha, Paddy akasimama. Huyu Paddy ni mkulima wa Merikit, mtu wa maneno mengi, na alikuwa na fungu la majani mkononi.

"Kumbe Mama anakosea," akasema, akiwageukia wenzake. "Sasa mimi mwezi uliopita uliniambia yangu ni ya kutupa. Nikatupa! Nani atanirudishia?"

"Na mimi!" mwingine akaitika. "Yangu ulisema ya pua!"

Wakacheka kwa sauti, na kicheko hicho hakikuwa kizuri. Kilikuwa kicheko cha watu waliosubiri miaka. Maximilla akashuka kwenye kreti. Niliona mikono yake inatafuta leso na haiipati. Lakini alikaa kwenye kiti chake, akavuta mzani mbele.

"Aliye na neno alete jani," akasema. "Nitaangalia tena. Hata mara tatu."

Wakapanga mstari, kama watu kumi na tano, wengine hawana hata jani, wamekuja kumwona akidhalilika. Odeke alikuwa ameshafungua mlango wa gari lake. "Faruk, twende. Kesho watu nakuja, kuna kazi mingi."

Faruk alitazama mstari ule, kisha akamtazama Maximilla.

"Nakuja jioni, bosi," akasema.

Akakunja mikono ya shati lake lisilopigwa pasi, akazunguka meza, akasimama kando ya Maximilla. Akaushika mzani. Paddy ndiye aliyekuwa wa kwanza kwenye mstari, na alibaki ameduwaa.

"Wewe Faruk, uko sawa?" akauliza. "Huyu mama alikuita mwizi hapa hapa. Sasa unamshikia mzani?"

"Aliniita mbele ya watu," Faruk akasema, "na leo ameniondolea hiyo jina mbele ya watu. Wewe, Paddy, watu wote waliokukosea toka uzaliwe, ni nani alishapanda juu ya kreti akasema amekosea?"

Paddy alisimama hapo na fungu lake mkononi, na mimi nilimwona akitafuta, akirudi nyuma mwaka kwa mwaka, na hakumpata mtu. Akayaweka majani yake kwenye mzani, taratibu, kwa mikono miwili.